Subira Itangulie Kalamu

BARAZANI LANGONI
Na Bwanaheri Shee

Januari ikikaribia, wazazi wa mtaa wetu wa Langoni hushika shughuli ya kushonesha sare na kuwakaririsha watoto herufi na tarakimu, ili wapelekwapo darasa la awali kwa umri wa miaka 4 wasionekane wameachwa nyuma na wenziwao; walakini ni wachache miongoni mwetu wajiulizao kama mtoto huyo aweza kuvaa viatu vyake peke yake, kungoja zamu yake bila ya kumsukuma mwenziwe, na kusema kwa ulimi kwamba amekasirika kabla hajajitupa chini. Nasema kwa yakini kwamba mambo haya yatangulie kalamu, kwani mwalimu mwenye darasa zima mbele yake hufundisha kwa taabu kubwa mtoto ambaye nafsi yake bado haijamtii.

Wazee wetu walikuwa na taratibu yao ya kumkomaza mtoto, nayo ni kumtuma. Maadamu vichochoro vyetu ni vyembamba, gari hazipiti, na kila baraza ina mtu amjuaye mtoto na wazazi wake, mdogo huyo aliweza kupewa sahani ya futari, jioni ya Ramadhani, aipeleke nyumba ya jirani: asiionje njiani ijapokuwa yamnukia, awaamkie wakubwa apitapo, awapishe punda wenye mizigo, kisha arudi na salamu alizopewa. Katika mwendo huo mfupi alijifunza subira, amana na kujitegemea kwa pamoja, na alipopokewa kwa dua na shukrani alijiona kuwa ni mtu wa kutegemewa.

Leo mtoto akianza kulia tu, aghalabu hutiwa simu mkononi, hata akazoea kwamba kila dhiki ya moyo yapozwa na kitu cha nje. Nasi tumesahau kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wako waichukuao methali hiyo kuwa ni idhini ya bakora, ambayo sheria ya Kenya imeikataza shuleni tangu mwaka 2001. Lakini bakora humfunza mtoto kumhofu aishikaye, na huyo akiondoka hapabaki kizuizi.

Wala mtu asidhani kwamba kulea kwa upole kunapingana na dini. Mwaka 1986, mjini Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alikuwa mstari wa mbele kuasisi mpango wa shule za awali za madrasa, uliokuja kuenea hadi Unguja na Uganda, ambamo mafunzo ya Uislamu na mchezo huenda pamoja.

Basi nawaomba akina mama na akina baba: mwacheni mtoto avae mwenyewe hata kama atakawia, akunje nguo zake, atumwe kwa jirani, na ghadhabu imjiapo, kaeni naye, mtajieni hilo limsumbualo, mngojeeni atulie, wala msimpe kile alichokililia. Sisi tuliofundishwa na Mtume kwamba mwenye nguvu ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa hasira, tuna wajibu wa kuwaonyesha watoto nguvu hiyo kwanza katika hasira zetu wenyewe.