Nusu Lita ya Oili na Ulinzi wa Ziwa

Hakuna askari anayestahili jina hilo ambaye atakubali kulala na bunduki chafu. Tulifundishwa hivyo sote tangu tulipokuwa makuruta, na hata aliyestaafu zamani mikono yake ingali inakumbuka namna ya kupitisha kitambaa ndani ya mtutu. Lakini askari huyo huyo, akikabidhiwa mashua ya doria yenye injini ya kufungwa nyuma, aghalabu huiosha kwa nje, huijaza petroli, huvuta kamba, na injini ikishanguruma huridhika kwamba ametimiza wajibu wake. Leo tungependa kuzungumza na ndugu zetu wa majini, wa Jeshi na wa Polisi, juu ya sehemu ya injini hiyo ambayo haitazamwi na mtu kwa sababu kazi yake yote huifanya chini ya maji. Sehemu hiyo ni kasha la gia, pamoja na oili kidogo iliyomo ndani yake.

Inafaa kwanza ieleweke jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Nguvu huzaliwa juu, lakini rafadha, ambayo wengi wetu huiita propela, iko chini. Nguvu hiyo huteremka kwa shafti iliyosimama wima mpaka kwenye gia ndogo, nayo gia ndogo huzungusha gia mbili kubwa zilizo kwenye shafti ya rafadha, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Kwa kuwa injini ya mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, wapo wanaodhani kwamba oili hiyo hushuka na kulainisha kila kitu mpaka chini. Haifiki. Kasha la gia ni chumba kilichofungwa peke yake, na oili yake ni ile tu iliyotiwa humo kwa mkono wa mtu. Katika injini nyingi za nguvu za farasi 40 oili hiyo haitimii hata nusu lita.

Sehemu nyingine za injini hulalamika kabla ya kufa. Plagi ikichafuka injini hukohoa. Njia ya maji ya kupoza ikiziba, ule mchirizi unaoruka ubavuni hukatika na kila aliyemo chomboni huuona. Gia hazina hisani hiyo. Huweza kusagana kwa majuma kadhaa bila nahodha kuhisi lolote, kisha siku moja, katikati ya ziwa, injini inanguruma vizuri kabisa na mashua haiendi popote.

Adui mkubwa wa gia katika Ziwa Victoria ni uzi wa nailoni. Jeshi lilipopelekwa ziwani mwaka 2017 kukomesha uvuvi haramu, mashua za doria zilianza kupita kila siku mahali ambapo nyavu zimetandazwa, na polisi wanamaji, wenye makao yao Kigo, wameijua adha hiyo kwa muda mrefu. Kipande cha uzi hunaswa na rafadha, hujizungusha kwenye shafti, hujificha nyuma ya rafadha, hukazwa na kupashwa moto na msuguano, na mwishowe hukata sili ya mpira inayozuia maji. Mtu akipenda aweza kusema kwamba nyavu haramu hulipiza kisasi kwa wale wanaozikamata. Uharibifu wenyewe humalizika mashua ikiwa imeegeshwa. Kasha hurudi kutoka doria likiwa moto. Likipoa, hewa iliyomo ndani hunywea na kuyavuta maji ya ziwa kupitia pale palipokatika. Asubuhi askari huondoka na oili iliyochanganyika na maji, asijue.

Atajuaje? Kwa kuitazama, na hii ndiyo faida ya kubadilisha oili kwa mikono yetu wenyewe. Injini isimamishwe wima, ikiwezekana usiku kucha, ili maji yaliyomo yatengane na oili na kutuama chini. Beseni liwekwe chini ya kasha. Zipo skrubu mbili, ya chini ya kutolea oili na ya juu ya kupimia. Ilegezwe kwanza ya chini, kidogo tu, na macho yasibanduke hapo: maji ni mazito kuliko oili, basi kama yamo ndiyo yatakayotangulia kutoka. Halafu ifunguliwe ya juu ili hewa iingie na oili yote ishuke. Oili iliyokuwa nyeusi kwa kazi si jambo la kutisha. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji. Skrubu nyingi za chini zina sumaku. Ungaunga laini kama tope juu yake ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia, na mashua ya namna hiyo isitoke hata kama amri ya doria imekwisha kuandikwa. Tahadhari moja zaidi: baadhi ya injini zina skrubu ya tatu karibu na hapo, inayoshikilia mtambo wa kubadilishia gia. Hiyo isiguswe. Asiye na hakika afungue kitabu cha injini kabla ya kufungua skrubu.

Oili mpya hutiwa kutoka chini kwenda juu, wala si kinyume chake, kwa sababu ikimiminwa kutoka juu hufungia hewa ndani na fundi hudanganyika kwamba kasha limejaa. Isukumwe taratibu kwa pampu mpaka itokee tundu la juu bila mapovu. Skrubu ya juu ifungwe kwanza, ndipo pampu iondolewe na ya chini ifungwe upesi, kila moja ikiwa na washa mpya. Washa ya zamani iliyobonyea ni mlango wa maji. Na oili ikionekana na maji, kuibadilisha peke yake hakuponyi kitu. Rafadha ivuliwe, uzi uondolewe, na sili itiwe nyingine.

Tumewahi kuambiwa kwamba kazi hii ni ya mafundi wa karakana, kwamba askari wa doria ana mengine ya kufanya. Hatukubaliani na maneno hayo. Fundi yuko karakana, na mashua iko kisiwani. Kutoka Kalangala mpaka bara si mwendo wa kwenda kuomba spana. Hoja ya pili, kwamba oili haipatikani, ina uzito zaidi, na twaielekeza kwa maafande wa bohari. Petroli huagizwa kwa mapipa, ilhali mikebe michache ya oili ya gia za majini husahauliwa, mpaka mtu anakwenda kuomba oili ya lori. Kuona namba 90 juu ya mkebe hakutoshi. Oili ya majini imetiwa dawa za kulinda chuma hata maji kidogo yakiingia, na lori halikutengenezwa kuzama.

Vitabu vya watengenezaji wengi huagiza oili ya gia ibadilishwe mapema injini ikiwa mpya, kisha kila baada ya saa 100 za kazi au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Wengi hushika neno mwaka na kuacha neno saa. Agizo la mwaka linamfaa tajiri wa Ulaya anayetembeza mashua yake siku za mapumziko. Mashua inayofanya doria saa 5 kwa siku humaliza saa 100 katika siku 20. Kwa kuwa injini nyingi ndogo hazina saa ya kuhesabia, dawa ni daftari: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, jumla, na sahihi ya nahodha. Tungependa pia afisa anayekagua mashua, kabla ya kusifu rangi yake, aagize aletewe chupa nyeupe yenye oili iliyotolewa mara ya mwisho. Chupa hiyo itamweleza hali ya chombo kuliko gwaride lolote.

Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama jioni karibu na pwani ya Mutima, wilaya ya Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Polisi, wanajeshi na wavuvi waliwatafuta manusura gizani. Wito wa namna ile haumpi mtu nafasi ya kuuliza oili ilibadilishwa lini, wala hauchagui siku ambayo mashua nzuri iko zamu.

Limebaki jambo la oili chafu. Tumeona ikimwagwa pale pale gatini, kana kwamba ziwa ni shimo la taka. Itiwe katika mkebe wenye kifuniko, irudishwe karakana pamoja na washa za zamani na ule uzi uliotolewa kwenye rafadha. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Kampala, pamoja na kambini, huvutwa Ggaba kutoka ziwa hilo hilo.