Ukungu wa Lenzi Si Staili, Ni Uchafu

Wasee, tuambiane ukweli. Kila wiki naona picha za huku kwetu, kuanzia Voi mjini hadi Ndara, za harusi, za mahafali, za wasanii, zimepauka kana kwamba zimepigwa kupitia neti ya mbu. Ukiuliza unajibiwa, "Hiyo ni Helios bana, hujui vinteji?"

Naijua. Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti, milimita 58, iliyotokana na Biotar ya Wajerumani. Ikiwa safi ni moto, hasa vile nyuma ya mtu kunazunguka kama kimbunga. Lakini nyingi zilizo sokoni zimepita miaka 40. Grisi ya ndani imezeeka, mafuta yake yamefuka na kutulia juu ya vioo. Huo ndio ukungu. Hakuna Mrusi aliyekaa chini akaupanga hivyo.

Na msichanganye ukungu na zile duara na michirizi ya jua. Hizo zinatokana na jua kugonga kioo. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na lenzi za zamani zina mpako hafifu. Hapo unaweza kucheza: geuka kidogo, simama kivulini pa mbuyu, kinga jua kwa kiganja au kwa karatasi nyeusi. Jioni jua likishukia vilima vya Taita, liache liingie ukipenda. Wewe ndiye unaamua. Ukungu haukuulizi chochote, upo kwa kila picha.

Sasa anayeumia ni nani? Ni sisi. Ukungu unakula weusi wa picha, kivuli kinakuwa kijivu, na ngozi yetu inatoka kama imepakwa jivu. Bibi harusi amelipa, amepambwa akang'aa, halafu unamrudishia uso wa mgonjwa na kumwambia ati ni sanaa?

Muuzaji akikwambia "iko na ukungu kidogo tu, hauonekani kwa picha," washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi, uangalie kwa pembeni. Ukiona kama maziwa, bei ishuke. Ukungu wa mafuta mara nyingi hutoka, fundi akifungua na kupangusa vizuri. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na kuvu ikishakula mpako alama haitoki. Na kama ukungu uko katikati ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, wachana nayo kabisa. (Punje mbili za vumbi letu jekundu ndani? Hizo hazina neno, kunywa chai.)

Najua kuna mtu atakuja kuniambia watu wa sinema hutaka picha yenye ukungu makusudi. Ni kweli. Wanaweka kichujio mbele ya lenzi safi, na wakimaliza wanakitoa. Haya, toa wako tuone.