Usidanganyike na injini inayong'aa

Vuta kiti, maana wiki hii tunaweka kando mambo ya mavazi na mapenzi, tunafungua boneti. Na wewe dada usigeuze ukurasa. Siku hizi kina dada wenye usukani ni wengi mjini, na fundi mwenye tamaa akiona kisigino kirefu gereji, bei inapanda ngazi yenyewe.

Nianze na swali. Gari lako linaoshwa mara ngapi kwa wiki? Mara mbili? Tatu? Haya, na boneti uliifungua lini mara ya mwisho? Kimya!

Ndivyo tulivyo. Nje rimu zinang'aa, ndani pafyumu, muziki mnene, lakini ukichungulia chini ya boneti ni aibu tupu. Vumbi la miezi, majani ya mwarobaini, oili iliyoshikana na mchanga mpaka huwezi kujua bomba lipi ni la maji na lipi ni la petroli. Ni sawa na mshikaji aliyepiga suti kali huku soksi zina matobo. Siku akivua viatu ndipo mnajuana.

Sasa mimi sikushauri uoshe injini ili upige picha. Injini inaoshwa kwa sababu oili ikivuja kwenye uchafu haionekani, ikidondokea bomba la ekzosi lenye moto hapo pana hatari ya gari kuwaka, na waya uliotafunwa na panya unajificha vizuri kabisa chini ya tope. Hapo ndipo penye siri ya mada ya leo: yupo anayeosha injini ili aone, na yupo anayeosha ili wewe usione. Huyo wa pili tutamfikia.

HAISHUSHWI

Kwanza nifute uongo mmoja. Juzijuzi nilikuwa gereji fulani nikamsikia fundi anampanga kijana wa watu.

"Bosi, hii ukitaka kazi safi lazima tushushe injini."

"Sasa fundi, si uchafu tu?"

"We niachie mimi bosi, utafurahi mwenyewe."

Atafurahi nani? Kushusha injini maana yake ni kumwaga maji ya rejeta, kuitenganisha na gia boksi, kuchomoa soketi za waya kibao, kufungua mabomba ya petroli, na mara nyingine kugusa mpaka mfumo wa AC. Kila kinachofunguliwa kinaweza kurudi vibaya. Injini inashushwa kwa matengenezo makubwa. Kwa uchafu tu, huko ni kuingizwa mjini.

Vitu vya kutoa ni vichache: kava la plastiki lililo juu ya injini, boksi la chujio la hewa, betri, na kava la chini kama lipo. Ukishatoa hivyo, mkono na brashi vinafika karibu kila mahali penye uchafu. Bomba la hewa lililobaki wazi liziba kwa kitambaa safi, na usisahau kukitoa.

PRESHA NI NOMA

Makosa yanayoua magari mjini hapa yanafanyika pa kuoshea magari. Unafika, gari limetoka kwenye foleni, injini ya moto. Kijana anafungua boneti, anashika bunduki ya maji, anafyatua kila kona. Wewe umekaa pembeni na soda yako unaona raha.

Hebu piga hesabu. Tairi la gari dogo linajazwa upepo kama psi 32 hivi. Mashine ya kuoshea inasukuma maji kwa psi 1,500 na kuendelea. Soketi za injini zina mipira ya kuzuia maji, ndiyo, lakini ni kwa maji yanayoruka kutoka barabarani, siyo mshindo wa namna hiyo kutoka umbali wa kiganja. Maji yakipenya hayatoki kirahisi. Yanakaa humo, shaba inaota kutu ya kijani, na baada ya mwezi gari linaanza vituko ambavyo fundi umeme atavitafuta mpaka mfuko wako utoboke.

Chukua Toyota IST, gari ambalo ukisimama Mwenge dakika tano utazihesabu mpaka uchoke. Zenye injini ya 1NZ, ile ya lita 1.5, zina silinda 4 na kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi kwenye kishimo kirefu. Maji yakiingia kwenye kishimo, gari linamisi. Jamaa yangu mmoja lilimkuta hilo. Aliondoka pa kuoshea akiwa mfalme, kufika mataa gari linatetemeka kama lina homa na taa ya injini inamkonyeza. Ukiona hivyo usikaze mwendo ukidhani litajikausha. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya ekzosi, na masega siyo bei ya chipsi. Paki pembeni, zima, acha ipoe, koili zitolewe, vishimo vikaushwe.

Wenye Corolla za zamani msicheke. Ninyi mna distributa, na hiyo ikilowa gari haliwaki kabisa. Nalo suala la injini ya moto kumwagiwa maji baridi ni lilelile kwa wote: chuma kilichopanuka kwa joto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka, hasa upande wa ekzosi.

PETROLI NI YA TANGI

Kuna mafundi wanaoosha injini kwa petroli na brashi, sigara mdomoni. Jamani! Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatulia chini, unasubiri cheche. Na cheche ya betri huhitaji kuitafuta, spana tu ikigusa vibaya inatosha.

Mafuta ya taa na dizeli haviwaki haraka hivyo, lakini navyo vinalainisha mipira, vinaacha utelezi unaokamata vumbi upya, na vikibaki kwenye ekzosi vinafuka moshi. Achana navyo. Dawa za kuoshea injini zinauzwa kwenye maduka ya spea. Kama mshiko ni mdogo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu vinafanya kazi nzuri, ila utasugua zaidi.

FANYA HIVI

Chagua siku ya jua, asubuhi, gari likiwa limelala. Kama umetoka nalo safari, subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kuruka. Mfuniko wa rejeta usiuguse kabisa wakati wa moto.

Kabla ya tone la maji, piga picha kwa simu. Picha hizo ni za kujua oili imeanzia wapi. Oili inashuka chini na upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo usilaumu mahali ilipojaa. Fuatilia mpaka sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Mwizi yuko hapo.

Fungua waya wa betri wa hasi kwanza. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 10. Ujue tu kwamba redio inaweza kupoteza stesheni zake. Wenye haibridi kama Prius na Aqua, waya za rangi ya chungwa ni umeme mkubwa, huo ni wa kuua mtu. Hapo mwite fundi anayezijua.

Funika alteneta, boksi la fyuzi, koili, na kontroo boksi kama iko mbele. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tafuta nailoni pana ya kufungia bidhaa, funga na raba bendi.

Anza kukiwa kukavu. Okota majani yote, hasa yale ya chini ya kioo cha mbele, maana yanaziba njia ya maji ya mvua. Puliza vumbi, hata fundi pancha ana kompresa, utaelewana naye. Kisha paka dawa au sabuni kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu ili isitiririke na kuacha mistari. Subiri dakika chache, isikaukie. Sugua kwa brashi ya rangi, na kwenye kona tumia mswaki uliostaafu. Mkanda wa feni usiupake sabuni, utapiga kelele mpaka majirani wakuulize.

Kusuuza ni kwa sponji, chupa ya kupulizia, au kopo la kumwagilia maua. Kama ni mpira wa bomba, maji yatiririke tu, usibane mdomo wake kwa kidole. Na maji yenye oili usiyaelekeze kwenye mtaro wa mtaa, kausha ya chini kwa mchanga au maranda.

Futa, puliza soketi na vishimo, acha boneti wazi saa moja au mbili juani. Hesabu matambara yako! Tambara lililosahaulika karibu na ekzosi ni kiberiti. Toa nailoni zote, rudisha kila ulichofungua, funga betri, washa, iache ingurume dakika 15 huku umetega sikio.

SOMA INJINI

Kazi yenyewe inaanza hapa. Endesha siku tatu nne kama kawaida, halafu fungua boneti tena. Injini safi haifichi kitu. Unyevu mpya ukitokeza kwenye gasketi ya tapeti kava, umeshajua dawa yake, na hiyo ni gasketi ya kawaida tu. Ungesubiri, oili ingepungua kimyakimya mpaka injini ikauke na igonge. Hapo ndipo unaposikia "bosi, tutafute injini nyingine."

Usiku tandika boksi jeupe chini ya gari. Asubuhi ukikuta tone la kahawia au jeusi, ni oili ya injini. Jekundu lenye utelezi, mara nyingi ni oili ya gia ya otomatiki au ya usukani. La pinki au kijani, jepesi kama maji, ni kulanti, yaani rejeta inalia. Maji meupe yasiyo na harufu baada ya kutumia AC, lala salama, hayo ni ya kawaida.

UKIENDA KUNUNUA

Turudi kwa yule anayeosha ili usione. Umedunduliza miaka, umechukua na mkopo wa saccos, dalali anakupeleka kuona gari. Boneti inafunguliwa, injini inameremeta kama sufuria ya bi harusi, mipira imepakwa mafuta ya kung'arisha. Dalali anatabasamu, "Braza, cheki injini hiyo, haijaguswa!" Na wewe unatabasamu. Umeshapigwa changa la macho.

Gari lililotembea miaka 15 haliwi jipya kwa sabuni. Sisemi kila injini safi ni ya tapeli. Wapo wastaarabu wanaoosha mali yao kabla ya kuuza. Ila safi ya jana huwezi kuisoma leo. Omba uliendeshe nusu saa, likipanda mlima ni bora zaidi. Ukirudi, chuchumaa uangalie chini, maana waficha siri wengi huosha juu tu. Mulika kwa tochi ya simu upande wa nyuma wa injini, kule kuliko na ukuta wa dashibodi. Chomoa kijiti cha oili, fungua na mfuniko wa oili. Ukiona kitu kama uji wa maziwa humo ndani, uliza maswali makali, inawezekana maji yanaingia kwenye oili.

Halafu sema maneno haya manne: "Nitarudi keshokutwa, msilioshe tena." Muuzaji mkweli atakwambia karibu. Akianza kukuharakisha, mara kuna mteja mwingine anakuja na keshi saa kumi, mwache huyo mteja wa saa kumi alichukue.

Basi mimi yangu ni hayo. Jumamosi hii badala ya kumalizia rimu peke yake, fungua boneti, tafuta mswaki wako wa zamani, tulia na gari lako saa mbili tatu. Litakueleza mambo ambayo dalali hakukueleza.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Akili kichwani mwako!