MOSHI WAHESABIWA, KIBARUA HAHESABIWI



Wataalamu wanaandika ripoti nyingi juu ya hali ya hewa na umeme safi katika nchi zetu. Wanahesabu moshi, wanahesabu mikopo. Sisi twauliza: mbona kibarua hahesabiwi?

Tazameni Komati, Afrika ya Kusini. Mtambo huo wa makaa ya mawe ulianza kazi 1961, ukazimwa Oktoba 2022. Novemba, Benki ya Dunia ikakubali kutoa dola milioni 497 ili pageuzwe mahali pa umeme wa jua na upepo. Watu wa Eskom wenye kazi ya kudumu walihamishiwa mitambo mingine. Vibarua wa makontrakta waliachwa mikono mitupu. Kazi ya zamani ilifungwa kwanza. Kazi mpya ikabaki ahadi.

Hatutetei moshi. Ukame ukija, maskini ndiye hulala njaa kwanza. Sisi Wakenya twapata umeme kwa mvuke wa Olkaria tangu 1981. Lakini umeme kuwa safi si kusema mkataba wa kazi ni safi.

Mapatano ya Paris ya 2015 yalitaja haki ya wafanyakazi katika mabadiliko haya. Basi neno hilo litoke katika karatasi! Twadai: chama kikae mezani kabla mpango haujatiwa sahihi, mafunzo yatangulie kufunga, kibarua ahesabiwe sawa na mwenye kazi ya kudumu.

Wanachama, lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi. Asiyekuwepo na lake halipo.