Vuli na masaibu ya waendeshaji baiskeli Nairobi

MIEZI ya Agosti na Septemba huwa ya nafuu kwa wafanyakazi wa Nairobi waendao kazini kwa baiskeli. Matope yamekauka, mitaro haina maji, na mtu huokoa nauli kwa kunyonga baiskeli kutoka Kayole au Njiru hadi Eneo la Viwandani. Idadi yao barabarani huongezeka. Ifikapo Oktoba, mvua ya vuli huwakuta wakiwa wengi na bila maandalizi.

Si wote wawezao kuiacha baiskeli nyumbani. Mvua inaponyesha, nauli za matatu hupanda papo hapo, mara nyingine maradufu. Bei ya petroli ilipopita Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza Septemba 2023, wapo waliojua kwamba hesabu ya mwezi haitatosha bila magurudumu mawili.

Hatari ya kwanza hujulikana. Baada ya kiangazi, manyunyu ya mwanzo huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika, lami ikateleza kama sabuni. Baiskeli ya "Black Mamba", iliyobeba wafanyakazi kwa miongo mingi, husimamishwa na vipande vya mpira vinavyobana rimu ya chuma. Rimu hiyo ikilowa, breki hushika kwa kuchelewa sana.

Hatari ya pili haizungumzwi. Inaaminika kwamba katika nchi ya ikweta jua halibadilishi saa zake. Ni kweli kwamba urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha maana, lakini saa ya kuchwa hubadilika. Katikati ya Februari jua hutua Nairobi karibu saa 12 na dakika 50 jioni. Mapema Novemba hutua karibu saa 12 na dakika 20. Anayetoka kiwandani saa 11 na nusu akiwa na safari ya saa nzima hufika Februari kungali na mwanga. Novemba giza humkuta njiani, mawingu yametanda na wengi hawana taa. Nusu saa hiyo huangukia msimu ule ule wa mvua.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi haiwezi kudai kwamba haikuwafikiria watu hawa. Sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi asilimia 20 ya fedha za barabara na usafiri kwa njia za miguu na baiskeli. Barabara Kuu ya Thika, iliyokamilika 2012, ilijengewa njia hizo. Lakini nenda ukazitazame: bodaboda huzitumia kukwepa msongamano, wachuuzi wametandaza bidhaa, na penye mtaro ulioziba maji hutuama juu yake. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, haimruhusu kabisa mwenye baiskeli. Hulazimika kupita chini, pamoja na malori.

Kuzibua mitaro mwezi Septemba ni kazi ya kaunti, wala haihitaji sera mpya. Kuna jambo jingine ambalo wenye viwanda wangeweza kulifanya bila kungoja yeyote. Jua linalotua mapema Novemba huchomoza mapema vilevile: karibu saa 12 na dakika 10 asubuhi, ilhali Februari huchelewa hadi saa 12 na dakika 40. Zamu ya mchana ikisogezwa mbele kwa nusu saa kuanzia Oktoba hadi Desemba, mfanyakazi ataondoka nyumbani kumepambazuka na kutoka kazini saa 11 kamili, na kiwanda hakitapoteza hata dakika moja ya kazi.