Hayo Mahindi "ya Mbwa" Usimpe Mbwa

Kama kuna chakula kwenu ambacho wewe mwenyewe ulikinusa, ukakunja uso, halafu ukasema "ah, hiyo ni ya mbwa," basi leo naongea na wewe. Usijifanye hujasikia.

Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya, na wikendi nyingi niko Malaba kwa shangazi. Mahindi sikuyasomea kitabuni. Nimekua nikiyaona yakivuka mpaka kwa lori, kwa baiskeli, kwa mkokoteni, na kwa zile njia za panya ambazo sote tunazijua na ukiuliza hakuna anayezijua. Nimeona yakianikwa kwa turubai kando ya barabara, mvua inakuja, watu wanakimbia kuyakusanya, jua likitoka yanaanikwa tena. Mengine yanatoka safi. Mengine yanatoka na rangi ya kijani-kijivu na harufu ya nguo iliyosahaulika kwa beseni. Hayo ya pili hayatupwi, wasee. Yanawekwa kando kwa gunia lake, na yana bei yake na jina lake: ya kuku na mbwa.

Bosco wetu alikula hayo. Na aliyeyanunua ni mimi.

Nilikuwa nimetumwa sokoni. Muuzaji mmoja akaniambia, "Kijana wangu, chukua hii ya mbwa, sitakuumiza." Ilikuwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja sana. Tukasaga, mama akawa anasonga ugali wa Bosco kando, anamwagia mchuzi uliobaki. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Halafu mbwa ambaye angeweza kula kiatu akaanza kuangalia sahani na kugeuka. Akatapika. Akawa ni kulala tu, hata pikipiki ikiingia kwa boma hainuki. Siku tulipomfungua mdomo, fizi zilikuwa za manjano. Macho pia.

Daktari wa mifugo alipofika hakuanza na chanjo wala kupe. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Anakula nini?" Nikamletea kile kilichobaki kwa gunia. Aliyashika mkononi, akayanusa, akaniangalia bila kusema kitu kwa muda. Kisha akasema ini limekwisha. Hatukupeleka maabara, pesa hiyo haikuwepo, kwa hivyo siwezi kukuapia kwa cheti. Lakini yeye hakuwa na shaka, na mimi sina. Bosco alienda siku ya nne.

Hiyo kitu inaitwa aflatoksini. Watanzania wanaiita sumukuvu, jina ambalo nalipenda zaidi kwa sababu halijifichi. Kuvu ikiota kwenye nafaka yenye unyevu, na huku kwetu joto lipo la kutosha, inaacha sumu ndani ya punje. Ukiosha unatoa vumbi la kuvu, sumu inabaki. Ukisonga ugali mpaka mwiko uvunjike, sumu inabaki. Inalenga ini, na mbwa ni mmoja wa wanyama inaowamaliza haraka. Kwa hivyo hii hadithi ya "mbwa tumbo lake ni chuma" sijui aliianzisha nani, lakini amezika mbwa wengi.

Na si kwamba hatujui. Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Ndani ya wiki marufuku iliondolewa kwa masharti, na mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Huku mpakani kila mtu alikuwa mtaalamu wa sumu. Boda wanaijua, mama mboga anaijua. Na tukirudi nyuma zaidi, 2004, kule Makueni, Kitui na Machakos, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya aina hii. Watu. Sasa niambie, kitu kilichoua watu 125, ukimpa mnyama wa kilo 20 kinageuka kuwa lishe?

Kinachoniuma ni hiki. Nenda usiku kwa zile stoo za nafaka Malaba. Nani analinda? Mbwa. Analinda magunia ya mahindi safi mpaka asubuhi, halafu asubuhi anapewa yale yaliyofagiwa sakafuni.

Haya, sasa nije kwa nyinyi wa upande ule mwingine, mnaocheka mkisema "sisi wetu hali ugali." Wale wa chakula kikavu, vile vidonge vya kahawia, kutoka kwa gunia lenye picha ya German Shepherd anayeng'aa kama amepakwa mafuta. Mnanunua picha. Ukiulizwa ndani kuna nini, hujui, kwa sababu hukununua gunia, ulipimiwa kilo moja kutoka gunia lililofunguliwa sijui lini, ukafungiwa kwa juala ambalo lenyewe limepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Maelezo yote yalibaki dukani.

Na kwenye hayo maelezo ndiko kuna chakula chenyewe. Viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinaanza. Kama cha kwanza ni mahindi na cha pili ni pumba za ngano, pole, umenunua ugali uliogeuzwa kokoto kwa bei ya nyama. Angalia protini. Kipimo cha chini ambacho AAFCO ya Marekani imeweka, chakula kikihesabiwa bila maji, ni asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wa mbwa. Angalia kama wameandika ni cha mbwa mzima au mtoto, maana hawa wawili hawali sawa, na mtoto wa mbwa mkubwa ukimjaza kalsiamu ya kubahatisha unamharibia mifupa. Angalia tarehe. Angalia namba ya toleo.

Hiyo namba unaona ni ya bure, si ndiyo? Desemba 2020 kampuni ya Midwestern Pet Foods kule Marekani ilianza kurudisha kutoka madukani chakula chake kikavu cha Sportmix. Kisa? Aflatoksini. Ndiyo, kwa vidonge, kutoka kiwandani. Kufikia mwisho wa Januari 2021, shirika la FDA lilikuwa na ripoti za wanyama zaidi ya 110 waliokufa na zaidi ya 210 waliougua. Mwenye mbwa kule aligeuza mfuko, akasoma namba na tarehe, akajua kama wake ni mmoja wao. Wewe na kilo yako kwa juala ungejuaje?

Kwa hivyo sisemi ugali ni mbaya na vidonge ni vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amebeba nakala nyingi zaidi za jeni inayosaga wanga. Amekaa na sisi muda mrefu mpaka tumbo lake limezoea chakula chetu. Ugali wa mahindi safi anauweza. Ila ugali peke yake ni kushiba tu, na huku kwetu hakuna kisingizio, kwa sababu omena iko. Ukivuka pale wanaiita mukene, ni samaki yuleyule. Osha mchanga vizuri, chemsha, changanya na ugali, ongeza yai au maini siku ukiweza. Usiweke chumvi ya maana, usiweke kitunguu. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na ule mchuzi wenu uliobaki nusu yake ni kitunguu. Sisi pia tulikuwa tunammwagia Bosco, najua ninachosema.

Vitafunio ndiko vijana tunaharibu zaidi. Mnampa mandazi, biskuti, smokie, mnamrekodi akiruka, mnacheka. Madaktari wa mifugo wanashauri vitafunio visizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata kwa siku. Kwa mbwa mdogo, mandazi moja tayari imekula hesabu yote. Mifupa ya kuku aliyepikwa inavunjika kama sindano na kutoboa utumbo, acha. Chokoleti acha. Chingamu zisizo na sukari, zile zenye xylitol, weka mbali kabisa, zinaangusha sukari ya mbwa kabla hujapata hata nambari ya daktari. Unataka kumpa kitu akikaa vizuri ulipomwambia kaa? Omena moja kavu. Moja. Atakuangalia kama umempa dunia.

Najua mtaniambia, "watu wanalala njaa na wewe unaongelea mbwa." Sijakuambia utumie hata shilingi zaidi. Gorogoro chache za mahindi mazuri zinashinda gunia la bei rahisi ukihesabu na pesa ya daktari, mimi nimehesabu. Na kama ya mbwa haikugusi, basi kumbuka yale mahindi yaliyoandikwa ya kuku na mbwa hayaishii kwa mbwa. Ng'ombe wa maziwa akila lishe yenye hiyo sumu, sehemu inatoka kwa maziwa. Hiyo chai uliyokunywa asubuhi, ng'ombe alikula nini?

Sai tuna mbwa mwingine, wa kike, bado mdogo. Gunia lake nilipiga picha nyuma, upande wa maandishi, kabla muuzaji hajafungua. Alinicheka, akasema, "Wewe unasomea mbwa?" Nikamwambia ndiyo. Wewe pia jaribu wiki hii, uone ni wangapi watakubali kukuonyesha tarehe. Na kama wako amekataa chakula na fizi zimebadilika rangi, usingoje Jumatatu. Sisi tulingoja.