Mshairi na Daftari la Wasomaji Wake

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo napenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona ni la wafanyabiashara tu, nalo ni waraka wa barua pepe: barua ambayo mwandishi huwapelekea, kwa wakati maalumu, wasomaji waliompa anwani zao kwa hiari. Rai yangu ni kwamba mshairi wa Kiswahili wa leo anauhitaji waraka huo kuliko anavyouhitaji ukurasa wenye maelfu ya wafuasi. Tena akiuandika vizuri hatakuwa anaiga ugeni, bali atakuwa anaendeleza desturi ya waliomtangulia.

Ushairi wetu umejua kusafiri kwa waraka tangu zamani. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mnamo mwaka 1858, hakuanza kwa kuuhutubia umma. Alimuusia binti yake, na umma ukaja kunufaika baadaye. Mashairi ya Vita vya Kuduhu yanatuonyesha washairi wa Lamu na wa Mombasa wakirushiana tungo, huyu akinena na yule akijibu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, likawa baraza ambamo msomaji wa leo aliweza kuwa mtunzi wa kesho. Naye Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua za tangu 1931 hadi 1958, ambazo leo tunazisoma kitabuni kwa sababu aliyezipokea alizitunza. Hapo ndipo ilipo nguvu ya barua. Ina mtu iliyemkusudia, na aliyekusudiwa huwa na sababu ya kujibu, na mara nyingine sababu ya kuhifadhi.

Tutazame sasa tunavyofanya sisi. Mshairi hutunga usiku kucha, alfajiri akaliweka shairi lake Facebook, kisha akakaa kuhesabu alama za kupendwa. Ana wafuasi elfu tatu, lakini si yeye anayeamua nani kati yao alione shairi hilo. Mwamuzi ni kampuni, kwa kanuni ambazo hakuzitunga wala hakushauriwa. Siku akaunti ikifungwa au ikidukuliwa, wafuasi wote hupotea kwa pamoja, maana hana anwani ya hata mmoja wao. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tunategemea cha mtu ambaye si ndugu wala jirani.

Wapo watakaoniambia: "Mwalimu, watu wetu hawasomi barua pepe, wote wako WhatsApp." Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza. Ni kweli kwamba wengi hufungua anwani ya barua pepe siku ya kununua simu na wasiirudie tena. Lakini tulipime kundi la WhatsApp kwa mizani ya ushairi. Shairi likitumwa saa mbili asubuhi, kufika saa tatu limekwisha kufunikwa na tangazo la msiba, mchango wa harusi na picha za maua zenye salamu za asubuhi. Namba ya kila mwanakundi iko wazi kwa wenzake wote. Orodha ya kutangazia nayo ina kikomo cha watu 256, tena ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Zaidi ya hayo, shairi likinakiliwa kutoka kundi hadi kundi huachana na jina la mtunzi. Watunzi wetu walikuwa na hekima ya kutia majina yao katika ubeti wa tamati. Leo anayenakili huukata ubeti huo huo, na kesho yake mtunzi analetewa shairi lake mwenyewe kama kazi ya mtu asiyejulikana. Sisemi tuihame WhatsApp. Nasema iwe mbiu ya kuwaita watu, na mazungumzo yenyewe yawe na nyumba yake.

Jambo la pili ni kitabu. Mchapishaji mmoja aliyetoa diwani yangu ndogo miaka ya nyuma aliweza kunieleza idadi ya nakala zilizouzwa, lakini hakuweza kuniambia hata msomaji mmoja aliyeinunua. Yawezekana mmoja yuko Muscat, mwingine Lubumbashi, na mwingine ni mwalimu wa kidato cha tatu aliyezifundisha beti zangu darasani. Diwani ya pili ikitoka, sina njia ya kuwapasha habari watu hao waliokwisha kunikubali. Mshonaji wa nguo anawajua wateja wake na vipimo vyao. Kwa nini mshairi awe fundi pekee asiyejua ni nani aliyevaa kazi yake?

Tangu nianze kupeleka waraka wangu wa kila mwezi, faida niliyoiona mapema zaidi imekuwa majibu, kabla hata ya fedha. Mwezi mmoja niliuliza kama mtunzi wa bara ana haki ya kuandika "mato" badala ya "macho" ili apate kina cha "-to". Msomaji mmoja wa Mombasa alinijibu kwamba haki anayo, mradi akopapo akope kwa ukamilifu: asiandike "mato" katika mshororo wa kwanza na "nchi" katika wa pili, maana asemaye "mato" husema "nti". Mwingine, mwalimu kama mimi, alipinga kwamba uhuru wa mshairi haugawanywi kwa mipaka ya lahaja, kwani tukiruhusu inkisari na tabdila hatuna sababu ya kukataa mchanganyiko wa namna hiyo. Mimi niko upande wa yule wa Mombasa, lakini majibu yote mawili niliyachapa katika waraka uliofuata, na mjadala ukaendelea kwa miezi. Hakuna aliyetukana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amepata nafasi ya kufikiri kabla ya kuandika.

Na biashara je? Hapa washairi huona haya, nao hujificha nyuma ya methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo naiheshimu, ila naomba isomwe kwa makini: chema hujiuza kwa yule aliyekiona. Diwani iliyo ndani ya boksi chini ya kitanda cha mtunzi haijaonwa na mtu, kwa hiyo haiwezi kujiuza hata ikiwa lulu. Kumweleza msomaji bei ya kitabu, idadi ya kurasa, mahali kinapopatikana na namna ya kulipa kwa simu si kujitembeza. Kinachochukiza ni waraka usio na kingine ila "nunua, nunua". Kanuni yangu ni hii: msomaji apate kwanza kitu cha kumfaa hata kama hatanunua. Apate shairi moja zima, sherehe ya maneno mawili matatu magumu, na swali moja la lugha la kwenda nalo. Habari ya kitabu ije mwishoni, kwa mistari mitatu minne, kwa adabu.

Anwani ya mtu ni amana, na hapa sitalegeza neno. Usiziokote anwani katika orodha za kongamano au katika barua za watu wengine; muombe mwenyewe akupe, na umwambie utaitumia kwa lipi. Ukipeleka barua moja kwa watu wengi, ziweke anwani zao katika sehemu ya nakala fiche, ili asiione mmoja ya mwenziwe. Kila waraka uonyeshe njia rahisi ya kujiondoa, na anayejiondoa usimuulize sababu. Adabu hii sasa ina nguvu ya sheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ikikua, zipo huduma kama Mailchimp na Substack za kuipeleka kazi hiyo, kwa kuwa Gmail ya kawaida haipeleki kwa zaidi ya watu 500 kwa siku. Lakini hata ukizitumia, nakili orodha yako na uihifadhi mwenyewe, la sivyo utakuwa umehama nyumba moja ya kupanga ukaingia nyingine.

Huduma hizo zitakuonyesha pia asilimia ya waliofungua waraka. Usilevywe na tarakimu hiyo. Hupatikana kwa picha ndogo isiyoonekana iliyofichwa ndani ya barua, na tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuipakua picha hiyo kabla mwenye simu hajasoma neno hata moja. Kipimo cha mshairi ni jibu lililoandikwa na mtu.

Basi, malenga mwenzangu, usingoje kuwa na watu elfu. Chukua daftari, andika majina ya watu ishirini waliowahi kukuambia kwamba shairi lako liliwagusa, uwaombe anwani mmoja mmoja, na uwapelekee barua moja kwa mwezi, siku ile ile kila mwezi. Watu ishirini wanaosoma hadi ubeti wa tamati, na kulijua jina lililomo, ni hadhira kamili.